Unakaa Wapi?

Asubuhi moja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, mnunuzi aliyetoka Shinyanga alichota kiganja cha dagaa kwenye fungu la shangazi yangu, akawasugua polepole kati ya viganja viwili, kisha akafumbua mikono. Mchanga ukadondokea kwenye turubai. Hakufoka. Aliuliza tu, kwa sauti iliyowafikia majirani wote: "Mama, si umeokoka wewe? Sasa huu mchanga wa nini?"

Watu wakacheka. Shangazi akakaza kanga kiunoni na kumgeukia mteja mwingine kana kwamba hakusikia. Lakini alisikia. Jioni, tukipandisha ngazi za mawe kurudi Kabuhoro, alisimama kupumua, akaniuliza: "Hivi mwanangu, mchanga na wokovu vimekutana wapi? Mimi nimeokoka tangu mwaka 1998. Mchanga ni wa ufukweni, na kila mtu anaanika ufukweni."

Sikuwa na jibu la maana. Nilisema maneno mawili matatu ya kupoza, tukaendelea kupanda. Swali lenyewe halikuniacha, kwa sababu yule mnunuzi, ambaye hata sijui kama ni Mkristo, alikuwa ameunganisha vitu viwili ambavyo sisi tunaosali kila Jumapili tumezoea kuviweka vyumba tofauti. Shangazi naye hakuwa akijitetea kwa ujanja. Kwake wokovu ulikuwa jambo lililokwisha kufanyika, lina mwaka na mwezi, na dagaa walikuwa jambo la leo. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lake nikiwa nimechelewa miaka kadhaa.

Tuanze na sentensi ambayo kila mtu Mwanza ameisikia: "Ukristo si dini, ni uhusiano na Yesu." Utaisikia kwenye mikutano ya injili uwanja wa Furahisha, utaisoma nyuma ya bajaji, utaambiwa na kijana aliyekaa jirani nawe kwenye daladala ya Igoma. Ni sentensi nzuri na ina ukweli mwingi. Shida yake ni lile neno "uhusiano". Katika Kiswahili cha mitaani, kijana akisema yupo kwenye uhusiano, anamaanisha ana mpenzi. Ofisini, uhusiano una afisa wake, na kazi yake ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari. Basi mtu akiambiwa awe na uhusiano na Yesu, huchukua mojawapo ya maana hizo bila kujua: ama anatafuta msisimko wa mapenzi, ama anakuwa afisa uhusiano wa Yesu, anamsemea vizuri hadharani huku yeye mwenyewe hana habari naye.

Injili ya Yohana ina neno jingine, na kwa bahati nzuri sana Kiswahili kimelipatia: kukaa.

Angalia lilipoanzia. Wanafunzi wawili wa Yohana Mbatizaji wanaanza kumfuata Yesu kwa nyuma. Yeye anageuka na kuwauliza wanatafuta nini. Wangeweza kuuliza habari za uzima wa milele au za Warumi. Wanauliza swali ambalo sisi huulizana kila siku tukikutana na mtu mpya: "Unakaa wapi?" Naye anawajibu, "Njoni, nanyi mtaona." Wakaenda, wakaona akaapo, wakakaa kwake siku ile. Mwandishi anaongeza kwamba ilikuwa yapata saa kumi.

Hiyo saa kumi huwa inanifurahisha. Wasomaji wa Kiingereza wanalazimika kuelezwa kwamba saa ya kumi ya Wayahudi ni saa nne za alasiri kwa hesabu yao. Sisi hatuhitaji maelezo. Wayahudi wa wakati ule walianza kuhesabu mchana jua linapochomoza, kama tunavyohesabu sisi, na saa kumi ni saa kumi: jua limelegea, akina mama wanakusanya dagaa waliokauka, mtu akikuambia karibu nyumbani unajua wazi kwamba utakula huko huko. Uhusiano wa wanafunzi wa kwanza na Yesu ulianza kwa alasiri moja ya kukaa. Hakuna muujiza uliotajwa siku ile, wala hotuba iliyoandikwa.

Neno hilo hilo la Kigiriki linarudi kwenye sura ya 15, katika maneno ya Yesu usiku wa mwisho kabla ya kukamatwa. "Kaeni ndani yangu, nami ndani yenu." Kuanzia mstari wa 4 hadi wa 10, yaani mistari saba tu, limetumika mara 10. Mtu anayerudia neno mara 10 usiku wa kuagana ana jambo. Mfano anaoutumia ni mzabibu na matawi, ambao kwetu si rahisi sana, maana mizabibu iko Dodoma na wengi wa huku tunaifahamu kwa picha za kalenda. Lakini sote tunayajua magugu maji. Yana majani mabichi, yana ua zuri la zambarau, na mizizi yake inaning'inia majini bila kushika ardhi. Upepo ukigeuka leo yako Kirumba, kesho yako ng'ambo, keshokutwa yameziba njia ya kivuko. Ninawajua Wakristo wa namna hiyo, na kuna miaka nilikuwa mmoja wao: mkutano huu wiki hii, mkesha ule wiki ijayo, mhubiri mpya mjini tumo. Ubichi ulikuwepo. Kukaa hakukuwepo.

Sasa, kukaa si kukaa bure. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutumiwa kumsuta mgeni asiyeondoka, lakini isikilize kwa upande wa pili. Mgeni hapewi jembe siku ya kwanza. Kwanza anapewa maji ya kunawa, anapewa kiti, anakula. Jembe likija, haliji kama bili ya chakula alichokula. Linakuja kwa sababu sasa anahesabiwa kuwa wa nyumbani, na watu wa nyumbani wanalima. Hapo ndipo ulipo mkanganyiko mkubwa kuliko yote katika suala hili, na umewagawa Wakristo kwa karne nyingi: je, tunatii ili Yesu atupokee, au ametupokea ndiyo maana tunatii? Yohana 15 inasema mambo yote mawili karibu karibu hadi msomaji anachanganyikiwa. "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu," anasema, halafu baada ya mistari michache anasema hawaiti tena watumwa, amewaita rafiki, na kwamba wao hawakumchagua yeye, bali yeye ndiye aliyewachagua.

Ukiisoma peke yake, unaweza kubishana nayo hadi kesho. Mimi ilinifunguka nilipoisoma pamoja na habari ya Zakayo, Luka sura ya 19.

Zakayo tumemgeuza kuwa mtu wa watoto wa Sunday school: mfupi, mkuyu, makofi. Ukweli ni kwamba alikuwa mkubwa wa watoza ushuru Yeriko, mtu wa mizani na vitabu vya hesabu, tajiri kwa njia ambayo kila aliyewahi kulipa ushuru kwenye mwalo anaweza kuikisia. Yesu anafika chini ya mti na kumwambia: "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Hilo "kushinda" katika Kigiriki ni lile lile neno la Yohana, kukaa. Watafsiri wetu wamechagua neno la mtu anayekuja asubuhi na kuondoka jioni, na sioni kama wamekosea: tunasema "nimeshinda kwa dada", na kila mtu anaelewa kwamba ulikula, ulilala mchana kidogo, ulisaidia kuchambua mchele.

Tazama mpangilio. Yesu hakusema, Zakayo, rudisha fedha za watu halafu nitakuja kwako. Alijialika kwanza, mbele ya umati ulionung'unika. Katika mstari wa 5 anatangaza atashinda pale. Katika mstari wa 8 ndipo Zakayo anasimama na kusema: "Nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Hakuna aliyemdai. Hatusikii hata neno moja la mahubiri katikati. Kati ya mstari wa 5 na wa 8 kuna kukaa tu.

Na hizo mara nne si za kupita haraka, hasa kwa watu wa biashara. Torati, katika Hesabu sura ya 5, ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake akiungama arudishe chote na kuongeza sehemu ya tano. Kwa hesabu hiyo, ukimpunja mteja shilingi 10,000, unamrudishia 12,000 na umemaliza. Mara nne ilikuwa ya mwizi wa kondoo, Kutoka sura ya 22. Zakayo anachukua hukumu ya mwizi na kujivisha mwenyewe: badala ya 12,000 anatoa 40,000. Jina "ushuru" analivua, anaviita vitu kwa jina lake.

Basi hapo ndipo mchanga na wokovu vinapokutana. Dagaa wakianikwa chini ufukweni, hushika mchanga, na mchanga una uzito. Wauzaji wengi hawauongezi kwa makusudi. Wanauacha tu. Wanajua kwamba gunia lililoachwa na mchanga wake linajaa haraka kuliko lililochekechwa, na kwamba wenzao wote wanaacha. Hiyo ndiyo aina ya dhambi ngumu kuliko zote kuiona, kwa sababu haina saa iliyotendeka. Mlevi anajua alilewa lini. Anayeacha mchanga hakumbuki siku alipoamua, na hata akiulizwa na mnunuzi, moyo wake safi kabisa unajibu kwamba mchanga ni wa ufukweni.

Kwa hiyo ushuhuda wa tarehe hauwezi kuufikia. Sisemi tarehe ni upuuzi. Neno "mlokole" lenyewe lilitujia kutoka ng'ambo ya ziwa, kwa Waganda, ambao "balokole" kwao ni waliookolewa, na lilivuka pamoja na uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kufika Buhaya kabla muongo ule haujaisha. Waliopitiwa na uamsho ule walikuwa na tarehe zao, walizitaja kwa furaha. Lakini walichojulikana nacho zaidi vijijini ni kitu kingine: walirudisha vitu. Mtu alikwenda kwa tajiri wake wa zamani na jembe aliloiba, au kwa jirani na fedha za mbuzi wa miaka mingi iliyopita. Waliita jambo hilo kutembea nuruni, wakakutana kila wiki kuambiana ukweli, pamoja na ukweli wa juzi. Kwao tarehe ilikuwa mlango. Hakuna anayekaa mlangoni miaka 20 akajisifu kwamba ana nyumba.

Kuhusu "si dini", nitapita upesi. Ninaelewa inakotoka: watu wamechoshwa na sadaka zinazotajwa mara tano kabla ya mahubiri, na mavazi, na vyeo. Ila anayekuambia ana Yesu wake peke yake nyumbani, bila kanisa, bila ndugu wa kumwambia "hapa umekosea", hajatoroka dini. Ameanzisha nyingine yenye muumini mmoja, ambaye pia ndiye askofu. Yohana 15 imesemwa kwa wingi, kaeni, na mara baada ya "kaeni" inakuja "mpendane". Huwezi kulipenda ziwa bila kulowa.

Na hapa niwe mkweli kuhusu jambo linalotusumbua Mwanza. Mlokole akimwona Mkatoliki anasali rozari, anasema huyo ana dini hana uhusiano. Mkatoliki akisikia kelele za mkesha zikivuka ukuta saa nane usiku, anasema hao wana hisia hawana kina. Sitamaliza ugomvi huo, lakini kuna kitu wote wawili wangefaidika nacho. Mkatoliki akiulizwa anakaaje ndani ya Kristo, atakupeleka Yohana 6, mstari wa 56: "Aulaye mwili wangu na kuinywa damu yangu hukaa ndani yangu, nami hukaa ndani yake." Ni neno lile lile la sura ya 15. Kwake, kukaa kuna meza, na kila wiki kuna jumuiya ndogo ndogo inayokutana nyumbani kwa mtu, pale ambapo huwezi kujificha kwa sababu mwenyekiti wa jumuiya ndiye anayekuuzia mkaa. Mlokole atakupeleka kwenye neno kukaa ndani yenu, mstari wa 7 wa sura ya 15, na kwake kukaa kuna Biblia iliyochakaa na sala anayoisema kwa maneno yake mwenyewe. Wote wawili wanaweza kuwa wamekaa. Wote wawili wanaweza kuwa wanapita tu.

Sasa tuje kwenye hisia, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa kimyakimya. Mtu ameokoka, miezi ya kwanza anaamka alfajiri bila kengele, machozi yanatoka kwenye nyimbo, kila mstari wa Biblia unaonekana umeandikwa kwa ajili yake. Halafu siku moja anapiga magoti na hakuna kitu. Kesho yake hakuna kitu. Anaanza kujichunguza ametenda dhambi gani, na akimwendea mtu asiyefaa, ataambiwa kweli ametenda.

Waulize wavuvi wa dagaa. Wao huvua gizani, kwa taa, zamani karabai na siku hizi za sola: dagaa hufuata mwanga, hukusanyika, wavu unashushwa. Mwezi ukikomaa, ziwa lote linang'aa na taa ya mtumbwi haivuti tena. Basi siku hizo za mbalamwezi mitumbwi inapandishwa, watu wanashona nyavu, wanaziba nyufa, wanalala na familia zao. Sijawahi kumsikia mvuvi hata mmoja akisema kwenye mbalamwezi kwamba samaki wamekwisha ziwani, au kwamba yeye si mvuvi tena. Anajua majira.

Mama Teresa wa Kolkata, ambaye dunia nzima ilidhani anaishi mbinguni tayari, aliandika kwa waungamishi wake barua ambazo zilichapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake. Kwa miongo mingi hakuhisi uwepo wa Mungu kabisa. Aliamka, akasali, akawaosha watu waliokuwa wakifa, akalala. Wengine waliposoma walisema kumbe hakuwa na imani. Mimi nasema kama kukaa ndiko kunakoulizwa, alikaa kuliko sisi tuliokuwa tukiruka.

Lakini kuna ukimya mwingine ambao si wa majira, na mtu wa Mwanza hawezi kuandika habari hizi akauruka. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama ikiwa imebakiza kidogo kufika bandarini. Mamia ya watu walikufa, na wengi wamezikwa Igoma. Kuna waliokuwa wakisali ndani ya meli ile, hakuna shaka. Mwinjili Marko anasimulia juu ya wanafunzi waliokuwa katika dhoruba na Yesu yumo chomboni, yuko shetri, amelala juu ya mto. (Shetri ni neno la watu wa pwani, sehemu ya nyuma ya chombo.) Wanamwamsha na kumwambia, "Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?"

Katika Biblia yote sijui sala iliyo karibu zaidi na watu wa ziwani. Haina adabu. Haikuanza na kusifu wala kushukuru. Ni lawama, na inaandikwa bila kufutwa. Kwenye hadithi ile Yesu anaamka na upepo unatulia. Mwaka 1996 haikuwa hivyo, na anayekuambia anajua kwa nini, muache apite. Ninachoweza kusema ni kwamba uhusiano ambao hauruhusu sentensi ile ya wanafunzi ni uhusiano wa mtu na bosi wake. Nawajua wajane walioisema kwa miaka, kila Jumapili, huku wameketi kwenye benchi lile lile. Hawakuacha kukaa. Waliacha tu kujifanya.

Dhidi ya hao, kuna wanaotaka Yesu asilale kabisa. Mvuvi aliyekuwa na dawa ya mganga chini ya mtumbwi anaitoa, anaweka chupa ya mafuta ya upako mahali pale pale, kwa kazi ile ile. Hajabadilisha kitu ila chupa. Kitabu cha Matendo, sura ya 19, kinasimulia wana saba wa mtu mmoja aitwaye Skewa waliolitumia jina la Yesu kama dawa kumtoa pepo. Pepo akawauliza wao ni akina nani, wakatoka nyumba ile mbio, uchi na majeraha. Yesu mwenyewe, Mathayo 7, anasema wengi watakuja siku ile wakitaja unabii na miujiza waliyofanya kwa jina lake, naye atawaambia, "Sikuwajua ninyi kamwe." Hakusema miujiza yao ilikuwa ya uongo. Alisema hawakufahamiana.

Kufahamiana huko, mwisho, kunafika pabaya kabla ya kufika pazuri, na mtu anayetufaa hapo ni Petro, mvuvi. Ziwa lake lilikuwa dogo: Galilaya ina kilomita za mraba kama 166, ungeweza kuliweka mara tatu ndani ya kisiwa cha Ukerewe. Lakini usiku wa kufanya kazi bure anaujua kama wa hapa Kayenze. "Bwana mkubwa," anamwambia Yesu katika Luka 5, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu." Akafuata, akakaa naye, na usiku ule mbaya akamkana mara tatu huku akiota moto. Yohana anataja kwamba ulikuwa moto wa makaa.

Moto wa makaa unatajwa tena mara moja tu. Ni baada ya ufufuko, asubuhi, ufukweni. Petro amerudi kuvua, usiku kucha hakupata kitu tena, na mtu fulani amesimama nchi kavu. Wakifika wanaona moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. "Njoni mfungue kinywa," Yesu anawaambia. Mtu yeyote aliyewahi kusikia harufu ya jiko la mkaa anajua harufu inavyorudisha mambo. Petro anakula samaki mbele ya harufu ile ile ya usiku aliokana. Ndipo anaulizwa, mara tatu, kama anampenda. Yesu hakulitaja kosa. Aliwasha moto tu, akamkalisha hapo, na baada ya kifungua kinywa akampa kazi: lisha kondoo zangu. Jembe la siku ya tatu.

Nilimweleza shangazi haya yote jioni moja, kwa vipande vipande, akiwa anachambua mboga. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema: "Kwa hiyo Yesu akija kushinda kwangu, nitamkalisha wapi? Pale kwenye mchanga?"

Hakusema zaidi. Baada ya mwezi hivi alinituma mirunda na misumari, akamlipa kijana mmoja akamjengea chanja mbili, juu yake akatandaza wavu mkuukuu. Dagaa wa chanjani hawashiki mchanga, wanakauka wakiwa weupe, na mvua ikija unawafunika. Pia wanajaza gunia polepole. Msimu wa kwanza alipata magunia machache kuliko jirani zake kwa mzigo ule ule wa mtumbwini, na bei haikupanda mara moja, kwa sababu wanunuzi wa chakula cha kuku hawajali mchanga. Yule mtu wa Shinyanga hatukumwona tena.

Siku moja saa kumi nilimkuta chanjani peke yake, anageuza dagaa kwa mkono na kuzungumza. Nilidhani yuko kwenye simu. Hapana. Alikuwa akimlalamikia Yesu habari ya bei ya nyavu, kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, na aliponiona hakunyamaza. Alimaliza kwanza alichokuwa akisema, ndipo akanisalimu.